Ugiriki ilibadilikaje hivi?

Mdadisi: Wakuu naomba kueleweshwa, Ugiriki ilikuwa nchi ya wakulima na wavuvi, imekuwaje Athens ikajaa maghorofa halafu vijana wakakimbilia Ujerumani?

Kasuku: Kukimbilia Ujerumani hakujaanza juzi mkuu, mkataba wa kupeleka vibarua huko ulisainiwa 1960. Na hayo maghorofa, mwenye kiwanja alikuwa anampa mjenzi ardhi, halipwi hela, analipwa fleti kadhaa humohumo, ndo familia nyingi zikapata pa kukaa.

Salma_B: Mie kinachoniuma ni ule mgogoro wa madeni ya nchi, 2013 zaidi ya nusu ya vijana waliosaka kazi waliambulia patupu, wengine wakarudi kutegemea pensheni ya bibi. 2015 ATM zinatoa euro 60 tu kwa siku, wazee foleni nje ya benki, inasikitisha sana jamani.

Mdadisi: Kumbe bibi ndo alibeba nyumba nzima!