Kwa nini Star Trek: Next Generation ina HD na Deep Space Nine haina? Tamthilia gani za zamani bado zina matumaini?

KibandaUmiza
Wakuu salama? Wajuzi wa picha naomba mnifafanulie. Star Trek: The Next Generation, ile tamthilia ya Marekani ya vyombo vya angani, ilianza 1987, na kwenye Blu-ray picha ni kali mpaka unaona mishono ya sare. Deep Space Nine ilianza 1993, kampuni ile ile, lakini mpaka leo ni DVD yenye ukungu. MacGyver ya 1985 nayo ipo HD. Ukija kwenye telenovela za Mexico za mwishoni mwa miaka ya 1990 ndiyo kabisa, ukiiweka kwenye TV ya inchi 55 sura zinakuwa uji.

Ni nini hasa kinachoamua? Nitajuaje kama tamthilia fulani inaweza kutoka HD ya kweli kabla sijatoa hela? Na hizi programu za AI za kukuza picha zina msaada, au ni kupaka rangi tu?

---

Mzee_wa_Deki
Mkuu, mwaka usikusumbue. Uliza mambo matatu, tena kwa mpangilio huu: ilipigwa kwa ukanda wa filamu au kwa tepu ya video, ilihaririwa juu ya nini, na efekti zake zilitengenezwa wapi.

Ukanda wa milimita 35 ukiskaniwa leo unatoa 1920x1080 (ndiyo HD) bila jasho, na mara nyingi hata 4K, iliyo kali zaidi. Wa milimita 16 nao unafika HD, ila chenga zake (punje za picha) ni kubwa na picha ni laini zaidi. Tepu ya video ya zamani ina mistari 576 inayoonekana kwa mfumo wa PAL (wa TV za Ulaya na kwetu) na 480 kwa NTSC (wa Marekani na Mexico), basi. Hakuna kitu kilichojificha ndani yake cha kuchimbua. Ndiyo sababu I Love Lucy ya 1951, iliyopigwa kwa milimita 35, imeishinda telenovela ya 1998 kwa ukali wa picha. Ukitaka ushahidi ndani ya boksi moja, chukua The Twilight Zone: katika msimu wa pili walibana matumizi, episodi sita zikarekodiwa kwa video. Kwenye Blu-ray, episodi zinazozizunguka zinang'aa, na hizo sita zimebaki na ukungu wake.

Sasa tatizo la tamthilia za Marekani, takriban kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu na 2000. Walipiga kwa milimita 35, maabara ikasafisha negativu, picha ikahamishiwa kwenye tepu, na kuanzia hapo kazi yote ikafanyika kwenye tepu: uhariri, efekti, majina, kila kitu. Kwa hiyo episodi iliyokamilika haipo kwenye filamu mahali popote. Kilichopo ni mikebe ya negativu ghafi stoo, pamoja na vipande vilivyokosewa na vilivyorudiwa.

Next Generation ina episodi 178. CBS waliianza upya kabisa, diski zikatoka kati ya 2012 na 2014. Walitafuta mikebe, wakaskani negativu, wakaunga tena kila mkato kwa kuulinganisha na tepu ya zamani, wakasahihisha rangi, kisha wakaingia kwenye efekti. Hapa walikuwa na bahati. Chombo kilikuwa modeli halisi iliyopigwa kwa ukanda wa filamu mara kadhaa kwa mwendo ule ule wa kamera: mara moja kwa mwili, mara nyingine kwa taa za madirisha, nyingine kwa injini, na moja kwa kivuli cha kukatia umbo. Tabaka hizo zote zilikuwepo, wakazipanga upya kwa HD. Miale ya silaha na ile ya kusafirisha watu ilikuwa imechorwa kwenye video, ikabidi itengenezwe mpya. Palipokosekana negativu, kama sekunde chache za "Sins of the Father", walikuza picha ya tepu. Ukiwa makini unaiona inavyofifia ghafla kisha inarudi.

Deep Space Nine ina episodi 176 na Voyager, Star Trek nyingine, 172. Negativu si tatizo kubwa. Filamu ya hali halisi What We Left Behind ya 2019 ina vipande vya Deep Space Nine vilivyoskaniwa upya, na vinapendeza. Tatizo ni kwamba kadiri misimu ilivyosonga, modeli ziliachwa na vyombo vikaanza kuchorwa kwa kompyuta, kwa kipimo cha TV ya wakati huo. Pale hakuna ukanda wa kuskani. Vita vikubwa vya misimu ya mwisho ya Deep Space Nine itabidi vichorwe upya, chombo kwa chombo. Ongeza na soko: diski za Next Generation zilitoka wakati watu wanahamia kutazama mtandaoni, mauzo hayakufika walipotaka, na mwenye mali akafunga daftari.

MacGyver haikuwa na vyombo vya angani. Ni mtu, kisu na waya, kwa hiyo kazi kubwa ni kuskani na kuunga.

---

bintiMakadara
Mzee amesema vizuri. Naongeza njia ya katikati, maana nadhani ndiyo itakayotumika kwa nyingi zilizobaki.

Chukua Babylon 5, tamthilia nyingine ya angani. Waigizaji walipigwa kwa milimita 35, efekti za kompyuta zikatengenezwa kwa kipimo cha TV ya 4:3 (ya zamani, karibu mraba). Kwenye DVD walitaka 16:9 (skrini pana), kwa hiyo kila palipo na efekti wakakata juu na chini kisha wakavuta picha, ikaharibika vibaya. Toleo la 2021 limerudi kwenye 4:3: sehemu za waigizaji zimeskaniwa kutoka kwenye filamu, na zenye efekti zimekuzwa tu. Ikatoka Blu-ray mwishoni mwa 2023. Utaona ukali ukipanda na kushuka ndani ya tukio moja. Mimi naona ni afadhali mara mia, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya Next Generation.

Jambo la pili ni umbo la picha. HD si lazima iwe skrini pana! Kampuni nyingi zinaogopa mistari myeusi pembeni, zinakata. Seinfeld ilipoingia Netflix 2021 ilikuwa 16:9, na katika episodi inayoitwa "The Pothole" shimo lenyewe la barabarani likakatwa nje ya picha. Yaani kichekesho chote kimeondoka. Diski za 4K za 2024 zimeirudisha 4:3. Njia nyingine ni kufungua pembeni, kwa sababu ukanda mara nyingi una picha zaidi ya iliyorushwa. Hapo ndipo yanapotokea ya Buffy, tamthilia ya mwindaji wa wanyonya damu: kwenye toleo la HD lililoanza kurushwa 2014 unaona watu wa kamera na vifaa vyao pembeni. Mabaya zaidi yako kwenye rangi. Matukio ya usiku yaliyopigwa mchana, ambayo zamani yalitiwa giza wakati wa kusahihisha rangi, yameachwa meupe, na mnyonya damu anatembea kana kwamba jua linamwakia. Skani mpya ya negativu haina marekebisho yoyote ya rangi. Lazima mtu akae na tepu ya zamani ayarudishe moja moja. Asiyelipwa kufanya hivyo hafanyi.

Na Friends, kwa wanaouliza kwa nini Blu-ray ina dakika pungufu kuliko DVD: DVD zina matukio ya nyongeza, HD imefuata episodi kama zilivyorushwa.

Muziki nao huua matumaini hata picha ikiwa tayari. Haki za wimbo zililipwa kwa matangazo ya TV ya wakati ule, hazikununuliwa kwa diski wala mtandao. Moonlighting ilikwama miaka mingi mpaka ilipoingia Hulu, huduma ya kutazama mtandaoni, Oktoba 2023. Baywatch wao waliamua kubadilisha nyimbo nyingi ili toleo la HD litoke. Ukisikia tamthilia yenye redio ikipiga nyimbo maarufu kila tukio, punguza matarajio.

---

KibandaUmiza
Asanteni sana. Sasa nikiwa na DVD mkononi, nitatambuaje kama chanzo ni filamu au video? Maana kwenye boksi hawaandiki.

---

Pwani35
Kwa VLC, programu ya kucheza video kwenye kompyuta, inachukua dakika mbili. Fungua DVD, bonyeza D mpaka uchujaji wa mistari uzimike, tafuta tukio ambalo kamera inageuka upande, simamisha, kisha bonyeza E kusogea fremu moja moja.

Disc ya NTSC: ukiona fremu tatu safi kisha mbili zenye kingo za meno meno, tatu safi tena, mbili za meno, hiyo ni filamu ya fremu 24 iliyonyooshwa iingie kwenye video. Kuna matumaini. Kila fremu yenye mwendo ikiwa na meno bila kukoma, na mwendo kwa macho ni laini kama taarifa ya habari, ni kamera ya video. Telenovela zako ziko hapa, na ndiyo maana hazitatoka HD ya kweli kamwe. Chochote utakachouziwa ni picha iliyokuzwa.

Disc ya PAL: filamu inakuwa safi fremu zote, ila imekimbizwa kutoka 24 hadi 25 kwa sekunde. Episodi ya dakika 50 inaisha kwenye 48 na sauti inapanda kidogo. Lakini kwa tamthilia zilizohaririwa kwenye tepu ya NTSC, disc ya PAL mara nyingi imegeuzwa kutoka kwenye tepu hiyo, na utaona fremu zenye picha mbili zilizolaliana. Hiyo haitibiki. Tafuta disc ya NTSC.

Waingereza wana chotara: ndani ya studio ni video, nje ni filamu ya milimita 16. Doctor Who ya zamani ni hivyo. Kwenye Blu-ray zake sehemu za nje zinaskaniwa upya pale ukanda uliposalia, za studio zinakuzwa. Hadithi yake "Spearhead from Space" ya 1970 ilipigwa yote kwa milimita 16 kwa sababu ya mgomo BBC, ndiyo maana ilipata HD halisi mapema, 2013.

Kuhusu AI. Ina msaada mdogo, kwa masharti. Watu wengi wanaharibu hatua ya kwanza: wanaingiza picha yenye meno moja kwa moja, programu inadhani meno ni maelezo ya picha, inayanoa. Mpangilio ni huu:

Kama chanzo ni filamu ndani ya NTSC, toa fremu za nyongeza kwa vichujio vya TIVTC au VIVTC urudi kwenye fremu 23.976 kwa sekunde. Usitumie kichujio cha mistari cha kawaida hapa, utapoteza nusu ya ukali bure. Kama ni video halisi, tumia QTGMC (kichujio cha kuondoa meno) upate fremu 50 kwa PAL au 59.94 kwa NTSC. Ukibakiza 25, mwendo unakuwa wa kushtuka. Punguza chenga kidogo tu. Ndipo ukuze, na usizidi takriban mara mbili: 1440x1080 kwa 4:3, si 1920x1080, la sivyo watu wote watanenepa. Badilisha rangi kutoka BT.601 (kanuni ya rangi ya DVD) kwenda BT.709 (ya HD), ukisahau, ngozi na majani vinahama rangi na utalaumu programu bure. Funga faili kwa x264 (programu ya kubana video), CRF 18 (kipimo chake cha ubora).

Dalili za kuzidisha: mashavu kama plastiki, macho ya mtu wa mbali yamechorwa upya yasifanane naye, maandishi ya mabango yamegeuka herufi zisizosomeka, nguo ya mistari inatambaa. Ukiona hayo, punguza nguvu ya AI au achana nayo. TV nzuri inakuza DVD iliyochujwa vizuri kwa kiwango cha kuridhisha.

---

bintiMakadara
Na vipindi vyetu je, vichekesho vya studio vya KBC (shirika la utangazaji la Kenya) vya miaka ya 80 na 90? Kuna watu wanaweka YouTube wameandika 4K.

---

Mzee_wa_Deki
Hiyo 4K ni ya jina. Kipindi kilichorekodiwa studio kwa tepu za U-matic au Betacam kina mistari 576 tu, na kilichonakiliwa tena kwenye VHS ndiyo kimeshuka zaidi. Kwa tepu za namna hiyo HD iacheni. Kinachotakiwa ni kuzinakili vizuri mara moja kabla hazijafa.

Ukipata tepu asilia, ifungue kijisanduku uangalie kwanza. Unga mweupe kwenye kingo ni kuvu, na ukanda wa pwani tunajua unyevu wetu. Usiicheze, itachafua vichwa vya deki na kuambukiza tepu zinazofuata, isafishwe kwanza. Ikicheza kwa kupiga kelele na kuacha utando wa kahawia kwenye vichwa, gundi imenyonya maji. Inakaushwa kwa joto la takriban nyuzi 50 kwa saa nane hivi, kwenye kifaa kinachoshika joto bila kuyumba. Jiko la oveni hapana. Kisha inakiliwe ndani ya wiki chache, maana gundi itarudi hali yake.

Deki ipitishwe kwenye TBC (kifaa cha kunyoosha mawimbi ya video), bila hiyo mistari inayumba na fremu zinaruka. Nakili kwa biti 10, PAL 720x576, usichuje mistari kwenye nakala ya kuhifadhi. Bila kubana, saa moja ni karibu GB 100. Ukitumia FFV1 (njia ya kubana isiyopoteza ubora) ndani ya faili la MKV unapata takriban nusu yake bila kupoteza kitu. Ya YouTube tengeneza kutoka kwenye hiyo.

---

Pwani35
KibandaUmiza, kabla ya kununua: soma mgongo wa boksi. Matoleo ya Ujerumani hasa huandika "SD on Blu-ray", maana yake wamejaza msimu mzima wa picha ya DVD kwenye diski moja. Bei ikiwa rahisi na diski ni moja au mbili kwa episodi ishirini na kitu, jua ndiyo hiyo.