Tupeane uzoefu: waliowahi kushona au kuvaa mavazi ya katuni za zamani

CherehaniMoja: Wadau, mteja kaniletea picha ya Rogue, yule shujaa wa kike wa ile katuni ya X-Men ya 1992. Vazi la kubana la njano na kijani, juu koti fupi la ngozi la kahawia. Nimekumbuka mbali! Waliowahi kushona au kuvaa nguo za katuni hizo, mwageni uzoefu.

DadaMtwapa: Glavu usisahau. Rogue akikugusa kwa mkono mtupu anakufyonza nguvu. Bila glavu huyo ni msichana mwenye koti tu.

BabaZuu: Mwanangu namshonea Spider-Man, na nafuata katuni ya 1967. Hawakuchora utando mwili mzima, uko usoni, kwenye glavu na viatu, maana kila picha ilichorwa kwa mkono na hela ilikuwa ndogo. Inaokoa kazi sana.

Kucha3: Wolverine wa X-Men je? Halisi ni wa kahawia, huyo wa njano ni wa watoto.

BabaZuu: Acha hizo. 1974 alitokea kwenye komiki na njano. Kahawia ilikuja 1980, mchoraji Jim Lee akamrudishia njano 1991, katuni ikachukua hiyo.

Kucha3: Kahawia inaficha vumbi. Nimemaliza.

MwanaMvita: Mimi nilivaa Storm wa X-Men, yule anayeamuru upepo, lile vazi jeupe. Kwenye komiki mama yake ni Mkenya, nikasema huyu ni wetu, nitampeleka kwenye maonyesho Nairobi. Fundi akanikatia joho la satini, kingo zikashikwa kwenye vifundo vya mikono kama kwenye katuni, ukinyoosha mikono linatanda lote. Muda ulikuwa umebana, nikapanda boda, joho nimelikunja mapajani na kulikalia. Kufika kwenye mzunguko upepo ukalichomoa, mara mkono wa kulia ukavutwa nyuma, nikajua bega limeng'oka. Joho limeingia kwenye tairi! Kilichoniokoa ni fundi, hakushonea moja kwa moja, aliweka vifungo vya kubonyeza. Vikaachia. Pikipiki ikayumba, dereva akaimudu. Satini ilijisokota kwenye mnyororo, nyeusi tii kwa grisi, tukaikata kwa kisu cha muuza miwa. Nilitetemeka mpaka jioni.

DadaMtwapa: Ya Rabi! Pole sana, dada.

Kucha3: Storm anapanda boda ya nini na upepo ni wake? 😅

DadaMtwapa: Usitanie, watu wanakufa kwa mitandio hivyo hivyo.

BabaZuu: Tumieni velkro, inaachia haraka zaidi.

MamaNuru: Velkro inanyofoa nyuzi za satini. Pini tu.

DadaMtwapa: Pini karibu na mshipa wa mkono? Hapana.

Kucha3: Basi vaeni Robin, msaidizi wa Batman, wa katuni ya 1992. Ni Dick Grayson, Robin wa kwanza, lakini kapewa vazi la Tim Drake, Robin wa baadaye kwenye komiki, miguu imefunikwa, joho halishikani na mikono.

CherehaniMoja: MwanaMvita, vifungo aliweka vingapi kila mkono?

MwanaMvita: Vitatu, vile vidogo vya nguo za watoto.