Mjadala: Mwindaji aruhusiwe kuacha barabara na pikipiki ya magurudumu manne kufuata mnyama aliyemuua?

Ndugu zangu, hili tulijadili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Huku Marekani misitu ya taifa ni mali ya umma. Ukiwa na leseni ya jimbo unaingia kuwinda. Mwaka 1972 Rais Nixon aliagiza vyombo vya moto vidhibitiwe huko ili visiharibu udongo wala kusumbua wanyama. Kanuni ya 2005 ikadai kila msitu uwe na ramani ya njia zinazoruhusiwa. Nje ya hizo, injini marufuku. Lakini ikaacha mwanya: mkuu wa msitu anaweza kuruhusu mwindaji aache njia, kwa masharti, akabebe mnyama mkubwa aliyekwisha kumwangusha. Mwanya huo mimi nataka uzibwe.

Naishi mashariki mwa Oregon na nawinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu anayekaribia ukubwa wa ng'ombe. Msimu uliopita nilikaa chini ya msonobari tangu saa kumi na moja alfajiri, upepo ukinipiga usoni, majike matano yakila nyasi mbele yangu. Ghafla yakainua vichwa kwa pamoja, masikio yote yameelekea bondeni. Mimi sikusikia kitu. Injini nilikuja kuisikia baadaye, majike yenyewe yameshavuka kilima.

Na si mimi tu. Pale Starkey, msitu wa utafiti karibu na La Grande, elki walivishwa vifaa vya redio shingoni, kisha wakapitishiwa watu wa miguu, farasi, baiskeli na pikipiki hizi. Waliwakwepa wote, ila pikipiki ndizo zilizowatimua zaidi. Elki akishakimbilia shamba la mtu binafsi, sisi wa msitu wa umma tumeshamkosa.

Halafu kuna alama ya tairi. Wa kwanza anaacha mistari miwili kwenye majani mabichi. Wa pili anaifuata akidhani ni njia. Baada ya misimu michache maji ya mvua yameshachimba korongo, tope linashuka kwenye kijito.

Najua wanaopinga wana hoja. Mwaka 2012 msitu wa Wallowa-Whitman, huku huku kwetu, ulitangaza mpango wa kufunga barabara nyingi. Wananchi wakaja juu, ukaondolewa ndani ya wiki chache. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, aliniuliza: "Mwanangu, msitu ni wa wote au ni wa wenye magoti mazima?" Swali lake limenikaa. Wazee na wenye ulemavu wapewe kibali chao maalumu, hilo siligombi. Sisi wengine tubebe. Nimebeba paja la elki mgongoni kilomita tatu, nikarudi kufuata la pili, kwa hiyo najua ninachokidai.

Mnaotetea mwanya huu, nijibuni moja tu. Mtu akikutwa na pikipiki katikati ya msitu, hana nyama, akasema "ndiyo kwanza naenda kumfuata niliyemuua", askari wa msitu atajuaje kama ni kweli?