Mjadala: Ngitili ya kijiji tuilime yote tupande boma rhodes?

Ng'wana Shinyanga: Wakuu, kijijini kwetu wanataka ngitili ya pamoja (eneo la malisho tunalolihifadhi mvua zikianza, tulishe kiangazi) ilimwe ipandwe boma rhodes tupu, zile nyasi za malisho, eti marobota ya hei (majani makavu) yana soko. Juzi kaja bwana mmoja na laptopu ana modeli, unaingiza mvua, idadi ya ng'ombe na aina za majani inakwambia malisho, asali na udongo vitakuaje miaka 10 mbele. Ikasema mchanganyiko ndo unaodumu. Wazee wakacheka wakaondoka zao. Mnaonaje?

Fundi Mifugo: Panda boma. Ngitili ni pori la wavivu, mvua ikianza unafunga geti unalala mpaka mwezi wa 8.

Mama Kulwa: Geti??? Ngitili ina geti wapi? Huyu ng'ombe kamuona buchani. Inalindwa na sungusungu, mifugo ikiingia kabla ya muda dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) inakupiga faini

Fundi Mifugo: Nina ng'ombe 4 wa maziwa Kibaha na hei nanunua kwa hela yangu, hayo ya buchani kamwambie mumeo.

Mama Kulwa: Mume wangu kaingiaje hapa? Jibu la geti

Bwana Shamba Mstaafu: Tulieni. HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) ilipoanza 1986 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa, ngitili zikarudi mpaka hekta 300,000 na ushee kama sikosei, leo mzing'oe? Ujerumani kule Jena toka 2002 wana viwanja vya majaribio vyenye aina 1 mpaka 60 za mimea, vyenye aina nyingi vinatoa majani mengi bila mbolea, na Minnesota kule Marekani ukame wa 1988 viwanja vyenye aina nyingi havikuporomoka sana.

Kijana wa Maswa: Minnesota si kwenye theluji mzee? Hiyo modeli ya laptopu ikalishwe taarifa na hao wazee waliocheka, ndo wanajua jani gani ng'ombe anaruka na lipi linabaki kijani mwezi wa 9

Kipepeo: Samahani, hiyo Rhodes ni Cecil Rhodes yule yule??

Bwana Shamba Mstaafu: Ndiye, alizipanda shambani kwake Cape Town. Ila nyasi zenyewe za Afrika hizi hizi.

Kipepeo: Kwahiyo tunalima ngitili tumpande mkoloni 😂

Fundi Mifugo: Ng'ombe hasomi historia.

Mama Kulwa: Wala hafungui geti

Ng'wana Shinyanga: Jamani mkutano Jumamosi. Au nusu kwa nusu? Mbegu kilo shingapi huko Kibaha?

Fundi Mifugo: Njoo inboksi. Geti nakuongezea bure.