Mazungumzo ya baba na mwana kwenye filamu: naomba ushauri

Kalamu_Butu: Wakuu, naandika muswada wa filamu fupi. Baba na mwanawe wako sebuleni usiku, wanatakiwa waongee. Nimeandika upya mara 11, kila nikisoma naona watu wawili wanahutubiana. Wanaume huwa tunaongeaje hasa? Nimekwama, hata usingizi sipati.

Zege: Hatuongei. Tazama Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, 1948. Baba kaiba baiskeli, kadakwa, kaaibika mbele ya mtoto. Mwisho mtoto anamshika mkono, wanapotelea kwenye umati. Hotuba hakuna. Na aliyecheza baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Mama_Wawili: Marehemu baba kila nikimpigia aliuliza, "Gari umelipeleka sevisi?" Leo ndiyo naelewa alikuwa ananiuliza nini. Wapigieni wazazi simu jamani.

Jiwe_la_Pembeni: Zege, tunaongea sana, ila tunazunguka. Kwenye Diner ya Barry Levinson (1982) jamaa wanabishania sandwichi, kumbe mmoja wao anaogopa kuoa. Wape wahusika wako kitu cha kubishania. Ila mkuu, hao wawili wamegombana nini? Hujasema.

Kalamu_Butu: Mambo ya kawaida ya familia.

Jiwe_la_Pembeni: Yapi?

Kalamu_Butu: Haya. Huyo baba ni baba yangu. Mwezi uliopita alinieleza kwa nini alituacha. Nilimrekodi kwa simu, hajui. Maneno ya muswada ni yake, lakini kwenye karatasi yanasikika ya uongo. Sijamwibia, ni maisha yangu pia. Na waigizaji nimeshawapata, tunaanza Jumamosi.

Mama_Wawili: Mwanangu, mwambie kabla ya Jumamosi. Mzee kakufungulia moyo wewe, hakuifungulia kamera.

Dodoso: Chai hii! Usiku, siri, rekodi, na Jumamosi juu yake. Huu uzi ndio muswada wenyewe, jamaa anaujaribia kwetu.

Zege: Hata mimi nimeshtuka. Maneno ya kwenye rekodi unayaandikaje upya mara 11?

Kalamu_Butu: Kuna mahali alinyamaza. Dakika nne nzima, nasikia pumzi zake tu. Kila nikiandika nakijaza kile kimya, nashindwa kukiacha.

Jiwe_la_Pembeni: Kiache. Mwigizaji wako akae tu.

Dodoso: Weka rekodi tusikie.

Kalamu_Butu: Siweki. Sijamwambia bado.