Leseni yangu ya bima inaisha baada ya siku 11, saa za mafunzo hazijatimia. Nifanyeje?

MamaZawadi: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na tafadhali msinishambulie, leo siku ya tatu sijapata usingizi. Mimi ni wakala wa bima hapa Marekani, huu mwaka wa tisa. Jimbo langu linataka saa 24 za mafunzo endelevu kila miaka 2, na 3 kati ya hizo lazima ziwe za maadili. Nimebakiwa na saa 9, leseni inaisha baada ya siku 11. Je, naweza kurudia kozi niliyosoma mwaka jana nikahesabiwa upya? Na zile za maadili, haziwezi kufidiwa na kozi nyingine?

Kisima: Yote mawili hapana. Kozi ile ile haihesabiwi mara mbili ndani ya kipindi kimoja. Na hata ungekuwa na saa 40 za bima ya maisha, zile 3 za maadili zikikosekana leseni haihuishwi. Lakini usife moyo, saa 9 ni kazi ya jioni tatu nne, tena saa moja ya mafunzo kwa kawaida ni dakika 50. Usingoje tu siku ya mwisho. Mtoa mafunzo ndiye anayepeleka matokeo kwa mdhibiti, anaweza kukaa nayo siku kadhaa.

Bahari77: Saa 24 kwa miaka 2 ni saa 1 kwa mwezi! Huku Umoja wa Ulaya sheria inatudai angalau saa 15 kila mwaka na tunamaliza. Tatizo ni kujipanga.

MtulivuWaZamani: Bahari, mwache dada wa watu, yaliwahi kunikuta. Niliacha leseni ikapita tarehe. Kwetu unaruhusiwa kuirudisha ndani ya miezi 12 bila kufanya tena mtihani, ila unalipa faini mara mbili ya ada. Kamisheni za mikataba niliyouza nikiwa na leseni ziliendelea kuingia. Mipya sikuruhusiwa kuigusa. Mteja wangu wa miaka mingi akanipigia, binti yake kanunua gari, anataka bima siku hiyo hiyo. Nikampa namba ya wakala mwingine. Familia nzima ikahamia huko na haijarudi mpaka leo. Hiyo iliniuma kuliko faini.

MamaZawadi: Asanteni sana. Nimefungua mfumo sasa hivi, unaonyesha 21 kati ya 24, na mstari wa maadili una sifuri. Kwa hiyo nikimaliza hizo 3 nimetoka?

Kisima: Ngoja kwanza, dada. Juu umesema umebakiwa na 9. Ukitoa 21 kwenye 24 inabaki 3. Hizo 6 umezisoma saa ngapi? Tukushauri tukijua.

Chembe: Nami nimeliona hilo.

MamaZawadi: Sawa, nasema. Hizo 6 alizifanya mpwa wangu, mtoto wa kaka. Nilimpa neno la siri akakaa na kompyuta Jumamosi nzima, kozi ya mafuriko na kozi ya madai ya magari. Tulikubaliana na za maadili amalizie yeye. Namuuguza mama, naamka usiku mara nne kumgeuza. Na mimi nauza bima ya maisha tu, mafuriko sitauza kamwe. Miaka 9 hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia. Hapa kazini watu wanafanya hivi kila msimu. Sioni nimemdhulumu nani.

NguzoYaKati: Mwenzangu, pole kwa kuuguza, Mungu amponye mama. Lakini kweli saa za maadili akusomee mtoto? Mteja anakuachia jina la mrithi wake, maradhi yake, mshahara wake, kwa sababu ya ile leseni. Mwambie mpwa asiendelee.

MtulivuWaZamani: Kumbe kuna mgonjwa! Hilo ungelitanguliza. Majimbo mengi yana kipengele cha kuomba msamaha au muda zaidi kwa aliye jeshini, mwenye ugonjwa wa muda mrefu au aliyepatwa na dharura nzito. Kuuguza mzazi si lazima kukubaliwe, ila andika barua sasa, kabla tarehe haijapita, uambatanishe karatasi za daktari. Ukidanganya kwenye maombi ya kuhuisha, jimbo linaweza kukunyang'anya leseni. Na kama una leseni za majimbo mengine, adhabu hiyo unatakiwa uyaarifu.

Chembe: Mimi nimekwama kwenye "mafuriko sitauza kamwe". Nilikuwa na mawazo hayo hayo. Mama mmoja, mteja wangu wa bima ya maisha, akaniuliza kama bima ya nyumba inalipa maji ya mto. Nikamjibu sawasawa kwamba hailipi, nikamtafutia ya mafuriko kwenye mpango wa serikali. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa kawaida ile bima inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Maji yaliingia siku ya 19. Nilikwenda kumwona, akanionyesha alama ya tope ukutani, usawa wa swichi ya taa. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unajua?" Siku 30 zimeandikwa kwenye kozi ile ile niliyobofya bila kusoma.

Bahari77: Jamani, hii ni chai. Kozi hizi mtihani wa mwisho unasimamiwa na mtu baki, anatia saini kwamba aliyefanya ni mwenye leseni. Huyo mpwa alisainiwa na nani? Mama mgonjwa, mpwa, siku 11, vyote vimekaa vizuri mno. Nahisi mleta uzi anauza kozi.

NguzoYaKati: Sasa hapo nami naanza kushtuka.

Kisima: Si majimbo yote yanadai msimamizi. Yanayodai ndiyo hayataki ndugu wala mfanyakazi mwenzako. Hata kama ni chai, atakayesoma uzi huu akiwa na shida hii si chai.

MamaZawadi: Sina ninachouza. Jimbo langu halidai msimamizi. Jana usiku mama alipolala niliifungua ile kozi ya maadili mwenyewe, nilitaka kuona ni ngumu kiasi gani kabla ya kumpa mpwa. Ukurasa wa kwanza kuna kisanduku: nathibitisha kuwa mimi ndiye mwenye leseni hii na nitafanya mtihani bila msaada wa mtu. Chini lipo jina langu kamili. Ina maana mpwa alikibofya mara mbili, jina langu likiwa pale pale, na hakuniambia. Ana miaka 19.

Chembe: Ukafanyaje?

MamaZawadi: Nilisoma mpaka alfajiri. Kurasa zina saa yake, kitufe cha kuendelea hakiwaki mpaka dakika ziishe, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kumgeuza mama narudi. Maadili nimemaliza. Asubuhi nikabadilisha neno la siri, nikampigia mtoa mafunzo nikamweleza ukweli na kuomba zile 6 zifutwe. Amesema atamwandikia mdhibiti, na mdhibiti anaweza kuniita. Barua ya kuomba muda nimeituma pia. Sasa nina 18, na siku 10.

Kisima: Anza na ya mafuriko.