Tumetembea na mabegi mgongoni hadi tumechoka: tupumzike Tanga, Moshi au Unguja?

Nzige_wa_Nakuru

Habari zenu wadau. Mimi ni dada kutoka Nakuru, niko njiani na begi mgongoni tangu mwanzo wa mwaka pamoja na rafiki yangu tuliyesoma naye. Tulishuka kwa mabasi mpaka Livingstone kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, tukazungukia Malawi, tukakaa Nkhata Bay tukiogelea kila siku, kisha tukavuka Kasumulu kuingia Tanzania. Mbeya, Iringa, Morogoro, sasa tuko Lushoto. Tumetoka kutembea kwa miguu mpaka Mtae.

Tatizo si miguu peke yake. Kila asubuhi kufunga begi, kila jioni kuulizia chumba, bei, basi la kesho na kama choo kina maji. Juzi tulisimama Irente, nyika yote ya Mazinde imelala chini yetu, watu wanapiga picha, sisi tukatazamana: hakuna aliyeguswa. Hapo nikajua tunahitaji kusimama kabla hatujaanza kugombana.

Tunataka mji, si kijiji wala mbuga. Tulale kitanda kilekile kama juma moja, nguo zifuliwe zikauke kabisa, viatu vishonwe, tule chakula cha kawaida, na bahari ikiwepo itakuwa heri. Bajeti ni ya gesti safi, si hoteli. Tunafikiria Tanga, Moshi au Unguja. Mliokaa huko, tusaidieni.

KarafuuMbichi

Karibuni Unguja. Mkishafika Dar, boti ni kama saa mbili tu. Lakini msikae Mji Mkongwe muda wote, mtachoka zaidi. Laleni huko usiku mmoja, mle Forodhani, asubuhi mpande daladala kwenda Jambiani. Maji yakipwa mnatembea mpaka mbali kwenye mchanga, kina mama wako kwenye mwani wao, hakuna anayewasumbua. Msimu wa watalii bei hupanda, mpatane mapema.

KahawaChungu

Tazameni ramani kwanza. Mtu anayerudi Nakuru kutoka Lushoto, Moshi iko njiani kabisa: mnapita Same, Mwanga, mnafika, na baadaye mnatokea Holili au Namanga. Hali ya hewa nzuri, kahawa ya hapohapo, soko limejaa ndizi za kila aina. Ila niseme kweli, ukionekana na begi kubwa pale stendi, vijana wa safari za mlima watakufuata mpaka mlangoni kwa gesti. Ukiwaambia hupandi mlima watakutajia maporomoko, wakimaliza maporomoko watakutajia chemchemi. Wanatafuta riziki, siwalaumu, ila kwa mtu aliyechoka kuambiwa aende wapi, inachosha.

Mtoto_wa_Chumbageni

Dada, mwenzangu wa Moshi amekwisha kujibu swali lako bila kukusudia. Njooni Tanga.

Nimezaliwa hapa na nitasema wazi: Tanga haina kitu ambacho usipokiona utaonekana hukufika. Ndiyo maana inafaa kwa mtu wa hali yenu. Ukienda Unguja ukalala chumbani siku nzima, moyo unakusuta kwamba unapoteza. Tanga ukilala mpaka saa nne, ukaamka ukanywa chai na mkate wa kumimina, ukarudi kulala, hakuna ulichokosa.

Mji ni tambarare, watu wengi wanaendesha baiskeli. Ulizeni kwa fundi yeyote Ngamiani, atawakodishia. Huko mitaa mingi inaitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, kwa hiyo hata mkipotea mtahesabu mrudi. Fundi viatu mtawakuta vibarazani; mwambieni ashone kwa uzi wa nailoni na asiishie kwenye gundi, maana viatu vya kutembelea milimani vikigundishwa tu vinaachia tena kwenye unyevu wa Pwani.

Jambo la kuogelea lieleweke, wengi wanakuja wakidhani ni kama ufukwe wa Paje kule Unguja. Raskazone si ufukwe mrefu wa mchanga. Mnaingia maji yakijaa. Yakipwa, mtakuta tope na mawe mjikate miguu. Ulizeni mvuvi saa ya maji kujaa siku ya kwanza, halafu kila siku ongezeni kama dakika 50, hamtakosea sana. Jioni kaeni bustani ya Jamhuri mtazame bandari, meli moja ikiwepo, mbili zikiwepo, basi.

Mkianza kuchangamka wenyewe, mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 tu kwenye njia ya Horohoro. Ni mawe ya chokaa, giza, popo, vaeni viatu vyenye kushika. Na kwenye Boma la zamani la Wajerumani kuna makumbusho ya Urithi, mtasoma habari za vita vya Novemba 1914, nyuki walipowavamia askari katikati ya mapigano. Lakini msiende siku ya kwanza wala ya pili! Nisikilizeni kwa hilo.

Usafiri: basi la moja kwa moja linatoka Lushoto asubuhi. Likiwapita, teremkeni Mombo mngoje yanayotoka Arusha kwenda Tanga. Yanakata kona Segera. Muheza nunueni machungwa dirishani, mtashukia Kange.

Bi_Mkunga

Wanangu, mimi ni muuguzi mstaafu na nimesoma neno moja ambalo wote wamelipita: Nkhata Bay, kuogelea kila siku. Ziwa Nyasa lina kichocho. Msiogope, kina dawa na inatibu vizuri, lakini msipuuze. Kipimo kikifanywa mapema mno kinaweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo mkifika nyumbani, baada ya miezi miwili au zaidi tangu mtoke ziwani, nendeni mkapimwe mkojo na choo, na mumtajie daktari jina la ziwa. Msingoje kuona damu kwenye mkojo.

La pili. Uchovu mwingine si uchovu. Mmepita nchi za malaria tupu, mmelala kila aina ya chumba. Mkifika Tanga, mwili ukishapumzika ndipo homa inapojitokeza. Kichwa kikiuma, viungo vikilegea, msijiambie ni safari. Kapimeni malaria siku hiyohiyo, hospitali ya mkoa ni Bombo na zahanati ziko nyingi. Na chumba msilipie kabla hamjakagua chandarua kama kina matundu.

Nzige_wa_Nakuru

Shikamoo mama, na asante sana. Habari ya kichocho hatukuifikiria kabisa. Nimeandika tarehe tuliyotoka ziwani ili tuhesabu vizuri. Rafiki yangu amelalamika kichwa tangu jana, kesho tunampima hapahapa Lushoto kabla ya kupanda basi lolote.

Mtoto wa Chumbageni, umenishawishi. Maswali mawili tu: tulale mtaa gani, na mavazi? Tuna suruali za kutembelea na fulana basi.

Mtoto_wa_Chumbageni

Mkitaka kuwa karibu na chakula na mafundi, Ngamiani. Pana shughuli mpaka usiku, na alfajiri adhana itawafikia kutoka misikiti kadhaa. Mkilala usingizi mwepesi, sogeeni Chumbageni au kuelekea Raskazone, ni kimya zaidi ila bei inapanda kidogo. Ombeni chumba cha juu chenye madirisha pande mbili, joto la huku si la Lushoto.

Mavazi, suruali hazina shida, mradi zisiwe fupi. Nunueni kanga doti moja sokoni mgawane, mtajifunga mkitoka kuoga baharini, mtajifunika kwenye basi.

Likoni_Ng'ambo

Kwa kurudi nyumbani, msirudi tena juu Segera. Kutoka Tanga chukueni gari la Horohoro, mnagonga mihuri, mnaingia Lunga Lunga, kisha matatu mpaka Likoni. Kivuko, halafu Mombasa. Treni ya Nairobi inaanzia Miritini, kateni tiketi mapema kwa simu, wikendi hujaa. Pesa za Tanzania mbadilishe chache tu pale mpakani, nyingi muwe mmezitumia Tanga kwa samaki wa kupaka.

Nzige_wa_Nakuru

Kipimo cha malaria kimetoka, hana. Daktari amesema anywe maji zaidi na alale. Tumekata tiketi za Tanga za keshokutwa, siyo kesho, ili alale kwanza. KahawaChungu, Moshi tutakuja safari nyingine tukiwa na mabegi madogo. Chumbageni, nitakuandikia faraghani unielekeze huyo fundi wa baiskeli.